Kikokotoo cha mkopo ndani ya Excel: vitufe vinagoma kwenye simu za wanachama

Mhazini_Busia: Habari za jioni wakuu. Natunza hesabu za kikundi chetu cha akiba hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi ni watu wa bodaboda na akina mama wa soko. Kila mwisho wa mwezi natuma faili la Excel WhatsApp kila mtu aone akiba yake. Kinachonichosha ni simu za saa nne usiku: "Mhazini, nikikopa milioni moja narudisha ngapi kwa mwezi?" Nikataka kuwawekea kikokotoo humo humo, chenye vitufe vya namba. Wiki mbili nahangaika na makro, zile programu ndogo za ndani ya Excel. Kwenye kompyuta yangu inakubali, kwenye simu zao vitufe vimekufa. Nifanyeje?

Fundi_Mbale: Vitufe vya nini tena, kwani simu haina kalkuleta?

DadaHesabu_Arua: Fundi, acha kumcheka mwenzio. Mhazini, Excel ya simu haiendeshi makro, hata ungehangaika mwaka. Paka seli tatu njano: B2 kiasi cha mkopo, B3 riba ya mwezi, B4 idadi ya miezi. Kwenye B6 andika:

=ROUNDUP(PMT(B3,B4,-B2),-2)

PMT ndiyo inayopiga rejesho la kila mwezi. Ile alama ya kutoa mbele ya B2 usiisahau, jibu litatoka hasi. Hiyo -2 ya mwisho inapandisha hadi mia kamili, maana nani atakuletea shilingi 59? Milioni moja kwa asilimia 2 ya mwezi, miezi 12, inatoka 94,600.

Halafu zile za njano zifungulie kwanza: Format Cells, Protection, toa tiki kwenye Locked. Ndipo uende Review, Protect Sheet. Ukiruka hatua ya kwanza, na njano zitafungwa, simu zitaongezeka.

Mhazini_Busia: Asante sana dada, imekubali! Ila daftari letu kwa mkopo huo huo linasema 103,400. Nimekosea wapi?

MzeeWaAkiba: Hujakosea, kijana. PMT inatoza riba kwa deni lililobaki. Nyinyi mnatoza 20,000 kila mwezi hadi mwisho, hata mtu akiwa amebakiza laki moja. Kwa mwaka riba yenu ni 240,000, ya dada ni kama 135,000. Soma katiba ya kikundi. Kama inasema riba ni ya mkopo wote, fomula yenu ni hii:

=ROUNDUP((B2+B2*B3*B4)/B4,-2)

Kikokotoo kikisema lake na daftari lake, watakukunja shati.

Mhazini_Busia: Mzee, nikiwaonyesha zote mbili si watanigeuka?

MzeeWaAkiba: Watageuka. Peleka mkutanoni kwanza, faili litafuata.

Fundi_Mbale: Na B3 iwe kwenye umbo la asilimia. La sivyo mtu ataandika 2 tupu, aambiwe alipe zaidi ya milioni mbili kwa mwezi, na saa nne hiyo hiyo atakupigia.