Naombeni ushauri, mdogo wangu kaiba korosho na mimi ndo nina asaimenti ya uhalifu

Habari zenu wakuu, niko Masasi huku Mtwara, nasoma diploma ya ustawi wa jamii, tumepewa asaimenti ya kueleza kwa nini watu wanafanya uhalifu, sasa somo limenifata mpaka nyumbani, dogo kadakwa na gunia la korosho za watu. Bibi anasema ana damu mbaya karithi kwa mjomba, nikacheka, si ndo yale ya Lombroso, daktari wa Italia, 1876 huko, eti mhalifu anazaliwa hivyo na utamjua hata kwa taya (dogo mwenyewe handsamu kuliko mimi). Merton, mwanasosholojia wa Marekani wa 1938, nilimuelewa, jamii inakutaka uwe na pikipiki na hela ila njia ya halali huna, lakini mbona tumekula ugali mmoja na mimi sijaiba? Ndo nikahamia kwa Sutherland, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, kwamba uhalifu unajifunza kwa watu wako wa karibu, na kweli dogo anashinda kijiweni na wale wa kangomba (wanaonunua korosho kimagendo).

Sasa nadharia mbili, ya Merton na ya Sutherland, naweza kuzichanganya au ticha atanikata maksi? Na dogo nimtoeje kijiweni, mwenye korosho kakubali tuyamalize ila kasema mara moja tu