Naomba ushauri: upepo umeinua bawa la ndege ndogo baada ya kutua

Rubani Mwanafunzi:
Ndugu wanajukwaa, ninajifunza kurusha Cessna 172, ndege ya injini moja yenye mabawa juu na gurudumu la pua. Juma lililopita nilitua salama, nikatoka kwenye njia ya kurukia, na nilipokata kona kuelekea maegesho, upepo mkali ulinijia kwa nyuma upande wa kushoto. Bawa la kushoto liliinuka ghafla, ncha ya bawa la kulia ikakwaruza lami, kisha ndege ikarudi kwenye magurudumu kwa kishindo. Propela haikugusa chini, wala hakuna aliyeumia. Kitabu cha ndege kinataja upepo wa ubavuni wa takribani kilomita 28 kwa saa, nami niliamini kwamba tulikuwa chini ya hapo. Usukani nilikuwa nimeuvuta kifuani, kama nilivyozoea kila ninapotua. Nilikosea wapi? Na je, inatosha kuipaka rangi ncha ile kabla ya kuruka tena?

Mkufunzi Mstaafu:
Pole sana, kijana wangu. Kiwango hicho cha kitabuni ni upepo ambao rubani wa majaribio alithibitisha kuwa ndege inaweza kuruka na kutua nao. Hakikuahidi chochote kuhusu kona unayoikata ukielekea maegesho. Tena, nguvu ya kuinua huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya upepo, kwa hiyo upepo ukiongezeka maradufu kwa dakika moja tu, bawa huinuliwa kwa nguvu mara nne.

Kosa lako lilikuwa kwenye usukani. Upepo unapotoka nyuma upande wa kushoto, sukuma usukani mbele na uuzungushe kulia, yaani uukimbie upepo. Hapo eleroni ya kushoto, yaani kibao kinachosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, hushuka, nayo eleveta, kibao cha namna hiyo cha mkiani, hushuka pia, na upepo unaopita juu yake huikandamiza ndege ardhini. Ulipovuta usukani, uliinua eleveta, na upepo ukapata mahali pa kuingia chini ya mkia. Upepo ukitoka mbele upande wa kushoto, zungusha usukani kushoto, kuuelekea, na uiache eleveta katikati. Nawasihi wanafunzi wote waangalie mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi, kabla ya kila kona, kwa sababu kona moja hubadilisha mkao wote wa mikono. Punguza mwendo mapema pia, maana kona kali na breki ya ghafla huusaidia upepo kukupindua.

Mwenye Gurudumu la Mkia:
Wenye ndege kama yangu wasinakili mkao wa eleveta wa upepo wa mbele: sisi huvuta usukani ili mkia ubaki chini. Upepo wa nyuma ni uleule alioueleza mkufunzi.

Fundi wa Ndege:
Tafadhali, ndege hiyo isiruke kwa kupakwa rangi. Ncha inapogonga lami, nguvu husafiri hadi kwenye mhimili wa bawa na viungo vyake na mwili wa ndege, mahali ambapo jicho la rubani halifiki. Bawaba za eleroni, nyaya za usukani, nguzo ya bawa na gurudumu la pua vyote vinapaswa kukaguliwa na fundi mwenye leseni, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la ndege. Ni heri kwamba propela haikugusa, kwani ingegusa, injini nayo ingehitaji ukaguzi wa ndani.

Kwa kuwa umetaja maegesho: vigingi vya magurudumu pekee havitoshi. Elekeza pua kwenye upepo inapowezekana, funga kamba kwenye pete za mabawa na za mkia, kamwe si kwenye nguzo ya bawa, na uache ulegevu wa sentimita 2 au 3. Funga pia kufuli ya usukani, na uiondoe kabla ya kuwasha injini: mwaka 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka Ohio, Marekani, kwa sababu iliruka ikiwa bado na kufuli hiyo.

Rubani Mwanafunzi:
Ninawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimemweleza mkufunzi wangu kila kitu, pamoja na usukani nilioushika vibaya, na ndege imesimamishwa. Leo fundi amefungua ncha ya bawa na kukuta bawaba moja ya eleroni imepinda.