Wakala wa safari wa hapa Dar alituuzia bwawa la maji moto la Reykjavik akatuficha kanuni zake, na mama yangu akaishia mlangoni

Ndugu zangu wa jukwaa hili, salaam.

Tumerejea kutoka Iceland tangu Februari, na muda wote huu nimevumilia nikitarajia kwamba wakala aliyetusafirisha atatuita ofisini kwake, pale katikati ya jiji, atutake radhi. Juzi amenijibu kwa ujumbe mfupi kwamba kuogelea hakukuwa lazima na kwamba mama angeweza kubaki hotelini. Kwa jibu hilo nimeona nisinyamaze tena.

Mama yangu ni mtu wa Magomeni, ana umri wa miaka 66, na magoti yanamsumbua kwa muda mrefu. Kila jioni akikandwa kwa maji moto na taulo alikuwa akituambia kwamba anatamani siku moja aingie mwili mzima katika maji yanayotoka ardhini yakiwa tayari yana joto. Mimi na kaka yangu tulichanga kwa miaka mitatu kwa ajili ya tamaa hiyo moja. Katika ratiba tuliyouziwa, siku ya nne iliandikwa waziwazi kwamba tutaogelea katika bwawa la umma la maji ya jotoardhi mjini Reykjavik, na ndiyo siku pekee aliyoiulizia mama tangu tulipolipa malipo ya awali.

Nilimuuliza wakala, kaka yangu akiwa amekaa pembeni yangu, mama avae nini siku hiyo. Akanijibu kwamba avae chochote kitakachomsitiri. Naomba mlishike neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Tulifika bwawani asubuhi, theluji imejaa nje. Kiongozi wa msafara, ambaye ni mwanamume, alibaki mapokezi na simu yake, nasi wanawake wanne tukaelekezwa chumba cha kubadilishia nguo. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia humo. Ndani kuna bafu la pamoja lenye mabomba ya mvua yaliyopangwa ukutani, na juu yake bango lenye picha ya mwili wa mtu, lililotiwa alama mahali panapotakiwa kusuguliwa kwa sabuni: kichwa, kwapa, sehemu za siri na nyayo. Kanuni ni kwamba kila mtu, mwenyeji au mgeni, anaoga hapo akiwa hana nguo hata moja, ndipo avae vazi la kuogelea na kutoka kwenda majini. Mhudumu anakaa hapo hapo kuhakikisha kwamba hakuna anayepita mkavu.

Mama alikuwa amevaa dera la pamba, suruali ndani, na mtandio. Alikuwa ameongozana nami mwanawe, wifi yangu ambaye kwake ni mkwe, na mwanamke mwingine wa msafara tuliyefahamiana uwanja wa ndege. Mnaojua mila za kwetu hamhitaji nieleze maana ya mtu mzima kuambiwa avue nguo zote mbele ya mkwewe. Mhudumu alizungumza naye kwa upole kabisa, akamweleza kwamba dera la pamba haliruhusiwi majini na kwamba lazima aoge kwanza, nami nikawa ndiye mkalimani wa maneno hayo kwa mama yangu mzazi. Mama hakubishana. Alijifunga mtandio wake vizuri, akaniambia, "Nendeni mkaoge wanangu, mimi nitawangoja," akatoka. Wifi yangu aliangua kilio, na hakuna hata mmoja wetu wanawake wa nyumba ile aliyeingia majini siku hiyo.

Siwalaumu wenyeji hata kidogo. Mabwawa yao hutiwa klorini kidogo, na jasho, mafuta ya mwili na mkojo vikikutana na klorini huzaa kemikali zinazowasha macho na kifua, kwa hiyo usafi wa kila anayeingia ndio unaowawezesha kutumia dawa kidogo. Kwao jambo hili ni la malezi: somo la kuogelea limekuwa la lazima shuleni tangu mwaka 1940, na mtoto hukua akioga hivyo pamoja na mama yake na bibi yake bila mtu kumtazama mwenzake. Mama alikaa nyuma ya kioo zaidi ya saa nzima akiwaangalia watoto wa shule wakifundishwa, huku mvuke ukipanda na theluji ikiwadondokea vichwani, na alipotusimulia hayo baadaye hakuwa na neno baya juu yao.

Hasira yangu yote ni kwa wakala, kwa sababu jambo hili lilikuwa na ufumbuzi rahisi. Tukiwa tunaondoka nilimuuliza yule mhudumu kama mwanamke wa aina ya mama yangu hawezi kabisa kuogelea nchini mwao. Alinishangaa. Aliniambia kwamba vipo vyumba vidogo vya kuogea vyenye pazia kwa anayehitaji faragha, ila asubuhi ile vilikuwa vimeshikwa na ingetubidi kusubiri kidogo, na kwamba vazi la kuogelea la stara, lile linalofunika mwili mzima pamoja na nywele, linakubaliwa mradi limeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Vazi hilo linauzwa Kariakoo! Ningelinunua kwa nusu saa na mama angeingia majini kama wenzake. Nilimwomba kiongozi wa msafara tusubiri chumba kimoja kipatikane, nami nikatafute vazi la kununua au kuazima hapo hapo. Akasema basi limeshafika na ratiba haimsubiri mtu.

Kaka yangu, aliyekuwa upande wa wanaume na hakuwa na habari ya yaliyotupata, naye alipata yake. Pembeni ya bwawa kubwa kuna mabeseni ya maji ambayo wenyeji huyaita vyungu vya moto, yenye joto kuanzia nyuzi 38 hadi 44, na kila kimoja kimeandikwa joto lake. Hakuna aliyemwambia kwamba chungu kikali hukaliwa dakika chache tu. Yeye ana shinikizo la damu na anatumia dawa, akakaa muda mrefu katika kile cha nyuzi 42, na alipoinuka alipata kizunguzungu akashikwa na mzee mmoja wa pale asianguke. Joto hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Wakala anayepeleka watu huko kila mwaka analijua hilo, na fomu yake ya afya tuliijaza wenyewe.

Kuhusu fedha nitasema kifupi: kiasi tulichotozwa kwa ajili ya kiingilio ni mara kadhaa ya bei iliyobandikwa kaunta, na picha ya bei hiyo ninayo.

Ninachodai ni barua ya kumwomba mama yangu radhi, si ujumbe wa simu, pamoja na kurejeshewa fedha za siku ile kwa sisi wote tulioathirika. Nimempa wakala siku 14. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti, ratiba na ujumbe wake wote nimevihifadhi. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya aina hii dhidi ya wakala wa safari naomba anieleze alianzia dirisha gani na alitakiwa kuambatanisha nini. Na kama kuna mwanamke aliyewahi kuogelea Reykjavik kwa vazi la stara, aniandikie ni bwawa gani lenye vyumba vya faragha vya kutosha, kwa maana mimi na kaka tumeanza kuchanga upya.