Naomba ushauri: gundi ya wigi inayohimili baridi ya Mbeya

Habari zenu wapendwa. Naishi Uyole, kazi Mwanjelwa, kwa hiyo kila asubuhi ni bodaboda na upepo. Navaa wigi la lesi mbele, yaani lenye kitambaa chepesi cha wavu kinachobandikwa pembeni mwa paji la uso. Gundi yangu ni ile nyeupe ya maji, unapaka tabaka jembamba, unasubiri igeuke angavu ndipo ubandike. Sasa Julai hii, hiyo kusubiri ni shughuli! Inabaki nyeupe, inateleza, nami nishachelewa. Nikibandika hivyohivyo, mchana lesi inainuka juu ya sikio la kushoto, upande ninaoanzia kuvua helmeti.

Msusi mmoja kaniambia nitumie gundi ya kope. Jamani, kope na kichwa kizima? Mwingine anasema nihamie tepu ya pande mbili, au mkanda wa lastiki bila gundi kabisa. Ngozi huwa naifuta kwa spiriti kwanza, mafuta hayabaki.

Mliozoea baridi hii, tepu inafika jioni? Draya yenye hewa ya baridi inasaidia gundi kukauka? Na mnabandulia nini kisichong'oa nywele za pembeni? Zangu zimeanza kupungua, na Jumamosi nina sendofu ya mdogo wangu Tukuyu, kule mvua haiulizi msimu.