Mwarobaini na mbegu za kiume: apime tena lini?

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa maabara na wa tiba asili.

Mhusika ni mkulima wa korosho huku Newala, miaka 34, anatafuta mtoto mwaka wa pili sasa. Mke kapimwa, yuko sawa. Mwarobaini anakunywa kila siku: konzi mbili za majani mabichi kwa lita ya maji, anachemsha hadi ibaki nusu, glasi asubuhi na jioni. Kapima mbegu baada ya siku 4 bila tendo. Idadi milioni 22 kwa mililita, si mbaya, ila zinazotembea ni asilimia 19 tu. WHO wanataka angalau 42.

Majani kaacha wiki 3 zilizopita. Kwa panya yamepunguza mwendo wa mbegu, lakini panya hupewa dozi nzito, siyo chai. Halafu jamaa anapuliza mikorosho bila barakoa, na nguo ileile anarudi nayo ndani. Hapo ndipo ninapokwama.

Mbegu hukomaa kwa siku 70 na ushee: arudie kipimo baada ya miezi 3 kamili, au mapema? Na nitatenganishaje athari ya mwarobaini na ya viuatilifu, ikiwa msimu wa kupuliza bado unaendelea?