Mteja anataka nimwandikie SMOKICHAPAVO kwenye troli. Haya majina huunganishwaje?

Brashi wa Bondeni, Nakuru
Habari za jioni, wandugu. Mimi huandika mabango na troli huku Bondeni, na hulipwa kwa herufi, shilingi 60 kila moja. Kuna kijana ameniletea troli mpya. Anauza smocha, yaani soseji ya smoki ndani ya chapati, kama wenzake, ila yeye anaongeza avokado na anachaji 70. Sasa anataka jina lake mwenyewe pande zote mbili: SMOKICHAPAVO. Herufi 12 mara mbili, hiyo ni 1,440. Pesa sikatai. Lakini nimelitamka mara tatu nikikoroga rangi, na mara zote tatu ulimi umeteleza.

Smocha ilikuja tu, smoki na chapati, na hakuna aliyeuliza maana. Nax Vegas, jina la utani la Nakuru, vilevile: mji wetu ulishonewa kipande cha Las Vegas, na tulikuwa tumejipandisha cheo kitambo kabla Nakuru haijafanywa jiji mwaka 2021. Mbona hayo yaliingia na hili linagoma? Kuna kanuni ama ni bahati? Nataka kumshauri kabla sijafungua mkebe.

Boda wa Kondele
Fundi, punguza hilo jina. Anayenunua smocha ana njaa, na mimi namngoja barabarani injini ikinguruma. Akishindwa kulisema kwa pumzi moja atanyoosha kidole tu, "nipe hiyo."

Jina letu sisi lilizaliwa Busia. Watu walikuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na waendeshaji wakawa wanaita "boda, boda!" Pikipiki zikaja zikarithi jina. Mimi mwenyewe sijawahi kuvuka mpaka wowote, labda ule wa Maseno na Luanda, na bado naitwa boda. Ukivuka hapo Busia utawakuta Waganda na rolex yao, na si saa, ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Kiingereza cha mayai ya kuviringishwa, "rolled eggs", kilisemwa mbiombio hadi kikawa saa ya bei. Huyo kijana wako naye aseme jina lake mbiombio mara ishirini, aone kitakachobaki mdomoni.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Brashi mwanangu, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nimekata alama nyingi kwa sababu ya maneno ya aina hii. Na ubaoni nilikuwa nikiandika chamcha na chajio, bila aibu. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili akainua mkono: "Mwalimu, chajio si chakula cha jioni kilichokatwa?" Ndicho. Cha na jio. Smocha ni smo na cha. Nilimwambia aketi.

Tatizo la mteja wako ni kwamba hataki kukata. Amebeba smoki nzima, akaburuta chapa, akafunga na vo. Silabi tano, na mkazo wetu huangukia ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti yote inaishia kwenye "pa", mahali pasipo na ladha yoyote. Tena anayesoma haraka ataona CHAPA hapo katikati, adhani unapiga chapa vitabu. Mwambie SMOCHAVO. Mkazo utakaa kwenye "cha", na smocha ambayo watu wanaijua itabaki nzima.

Kuunganisha si njia pekee, lakini. Vijana waligeuza stori ikawa risto. Matatu ikatafsiriwa nusu, ikawa mathree. Na noti ya 500 haikukatwa wala kugeuzwa, iliitwa tu jirongo, kwa ajili ya mwanasiasa Cyrus Jirongo, aliyehusishwa na noti hizo kwenye kampeni za 1992.

Brashi wa Bondeni, Nakuru
Narudi baada ya wiki mbili. Kijana alikubali SMOCHAVO, nikaiandika kwa nyekundu yenye kivuli cheusi, akanilipa 960. Ushauri wenu umenigharimu 480, mwalimu, lakini sina kinyongo, ile V ilinitokea vizuri sana.

Jana jioni nikapita pale. Watoto wa shule wamejazana, sare zimechafuka kachumbari, na hakuna hata mmoja anayetazama maandishi yangu. "Niwekee kijani mbili, pilipili mingi!" Kijani, kwa sababu ya avokado. Wote wanasema hivyo. Hata yeye mwenyewe akiwajibu anasema kijani.

Asubuhi amenipigia simu. Anataka nifute, niandike KIJANI. Herufi sita.

Boda wa Kondele
Hapo umebaki na za chai tu, fundi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Kijani mbili, au vijani viwili?

Brashi wa Bondeni, Nakuru
Kijani mbili, mwalimu. Na pilipili mingi.