Opereta anafukuzwa, msimamizi anapewa cheti: hizi kozi za unyanyuaji mizigo kwa kreni hapa Lubumbashi zitatumalizia watu

Wandugu, jambo yenu. Leo sina lugha laini, anayetafuta mazungumzo ya upole apite tu uzi mwingine.

Mimi ni mfunga mizigo. Mikanda, minyororo, shekeli (zile pingu za chuma za kuunganishia) na ndoano ndiyo kazi yangu, na nimeifanya kwenye mayadi ya Kampemba na kule migodini upande wa Likasi na Kolwezi. Kwa hiyo nikisema wasimamizi wetu wengi wa kreni hawajui kusoma jedwali la kreni, lile linaloonyesha inabeba tani ngapi kwa umbali gani, msidhani ni maneno ya kwenye bia. Nimesimama nao, nimewauliza, wamenikasirikia.

Kisa chenyewe. Kampuni moja, jina sitaji, wenyewe wanajijua, iliangusha jenereta msimu huu wa mvua. Kijana aliyekuwa ameshika mzigo kwa mikono alivunjika mguu. Opereta akafukuzwa. Msimamizi aliyetoa amri ya kupandisha akapelekwa kozi ya nusu siku, akarudi na kikadi cha plastiki shingoni kinachosema ana uwezo wa kupanga na kusimamia unyanyuaji. Na mimi nilitumwa kozi hiyo hiyo pamoja naye, kwa hiyo haya siyo ya kusimuliwa.

Nianze na jenereta. Kibao chake kilisema tani 9. Kilisema pia, kwa maandishi madogo, kwamba huo ni uzito mkavu, yaani bila mazuti (dizeli), bila oili, bila maji ya rejeta. Tenki lilikuwa limeshajazwa, lita 1000 za mazuti, karibu kilo 850 hizo. Kisha ndoano yenyewe na kapi zake, mikanda, shekeli, na ule mhimili wa chuma wa kutanua mikanda, vyote hivyo kreni inavibeba na lazima vihesabiwe kama mzigo. Hakuna aliyejumlisha. Nilimwendea msimamizi:

"Papa shefu, mazuti iko ndani, na kibao inasema bila mazuti."

"Weye! Mashini ni ya tani 50, unaogopa tani 9? Pandisha."

Ugonjwa wote uko katika jibu hilo. Kreni ya tani 50 inabeba tani 50 pale tu mzigo unapokuwa karibu kabisa na katikati yake, mita 3 hivi, mkono ukiwa mfupi. Ukiurefusha mkono na kuulaza, uwezo unaporomoka. Sisi tulikuwa tunavusha mzigo juu ya ukuta, mita 16 kutoka katikati ya kreni hadi kwenye ndoano. Jedwali lililobandikwa ndani ya kebini, kwa mita 16 na urefu ule wa mkono, lilisema tani 8 na nusu. Yaani hata jenereta kavu, bila tone la mazuti, ilikuwa imeshapita. Opereta alijua. Kompyuta ya kreni nayo ilijua, ndiyo maana ilianza kupiga kelele. Msimamizi akaamuru ule ufunguo wa kuizima uzungushwe. Opereta akakataa mara ya kwanza, akaambiwa getini kuna watu wamejaa wanaitafuta hiyo nafasi yake. Akazungusha. Baadaye kwenye ripoti ikaandikwa: "Opereta alizima kifaa cha usalama." Mwandishi wa ripoti? Msimamizi.

Na hilo halikuwa peke yake. Mguu mmoja wa kreni, ile miguu ya chuma inayotolewa pembeni kuishikilia isipinduke, ulikanyagishwa juu ya mtaro wa bomba la maji uliofukiwa. Mlinzi wa geti alikuwepo mtaro ulipochimbwa, angeonyesha kwa kidole, lakini nani amwulize mlinzi? Chini ya mguu waliweka vipande viwili vya paleti. Kreni inapozunguka na mzigo, uzito haugawanyiki sawasawa kwa miguu minne. Mguu wa upande wa mzigo unaweza kubeba sehemu kubwa kuliko yote mingine kwa pamoja. Na udongo wetu huu mwekundu mnaujua. Kiangazi unapigia sururu mpaka mikono inatoka malengelenge, mvua za Desemba zikishaulowesha, tena pale uliporudishwa ndani ya mtaro bila kushindiliwa, unazama hata kwa gurudumu la kamio (lori). Mguu ukazama, wa upande wa pili ukaachana na ardhi, jenereta ikaondoka ikiyumba. Kamba za kuongozea mzigo hazikuwepo. Yule kijana alikuwa ameusukuma kwa viganja, amesimama kati ya mzigo na ukuta. Nani alimweka pale? Tena msimamizi.

Hesabuni makosa: uzito, umbali, ardhi, kengele, mahali pa watu kusimama. Yote yalifanyika kabla ya opereta kugusa kitu, au kwa amri iliyopita juu yake. Na aliyekwenda nyumbani bila mshahara ni yeye.

Sasa kozi. Chumba chenye kiyoyozi, soda mbili kwa mtu, slaidi kwa Kiingereza. Wote mle ndani tunaongea Kiswahili na kusoma Kifaransa, Kiingereza ni wachache sana. Mwalimu alikuwa anasoma slaidi, anatafsiri nusu, anaruka nusu. Ilionekana wazi zimenakiliwa kutoka Uingereza, hata picha zilikuwa za watu wenye makoti mazito ya baridi, na zilitaja kanuni zao za mwaka 1998 zinazosema kila kazi ya kunyanyua ipangwe na mtu mwenye ujuzi, isimamiwe ipasavyo, kisha ifanywe kwa usalama. Kanuni nzuri sana. Slaidi ikakaa ukutani muda wa kupiga chafya, ikapita.

Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza: mwalimu, mzigo wa tani 10, mikanda miwili imekutana kwenye ndoano moja, kila mkanda umelala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo. Kila mkanda unavuta tani ngapi?

"Tano tano. Gawanya kwa mbili."

Mungu wangu. Tano tano ni pale mikanda miwili inaposimama wima kabisa. Kwa nyuzi 60 kila mmoja unavuta karibu tani 5.8. Kwa nyuzi 45 inafika 7.1. Kwa nyuzi 30 kila mkanda mmoja unavuta tani 10 nzima, sawa na mzigo wote! Mfunga mizigo akimsikiliza mwalimu huyu, atachukua mikanda ya tani 6, aone amejiongezea hata akiba, na atakatikiwa mzigo ukiwa juu ya vichwa vya watu. Nilimchorea ubaoni. Akasema tutaongea wakati wa mapumziko. Mapumziko yakafika, akawa na simu.

Mtihani ulikuwa wa kuchagua a, b au c, na majibu alitusomea mwenyewe "ili twende haraka". Tulifaulu wote. Hata jamaa mmoja aliyesinzia tangu slaidi ya tatu alifaulu, na nimesikia ndiye anapanga kazi za kreni mbili sasa.

Mniambie, msimamizi atajifunzaje kupanga unyanyuaji bila kushika utepe wa kupimia? Huyo mtu mpelekeni yadini. Apime umbali kutoka katikati ya mzunguko wa kreni, siyo kutoka kwenye bampa kama wengi wanavyofanya, maana hapo unapoteza mita kadhaa na jedwali linakudanganya. Apime pale mzigo utakapochukuliwa na pale utakapowekwa, achukue ule mrefu kuliko yote. Asome jedwali mbele ya wenzake kwa sauti, na aulizwe hili ni la miguu iliyotolewa yote au nusu, maana ni safu tofauti. Aende kwa mwenye kiwanja aulize chini kuna nini: mtaro, shimo la choo, bomba la zamani. Jiji hili limechimbwa na kufukiwa tangu 1910, usiamini ardhi kwa macho. Aangalie juu, nyaya za SNEL, shirika letu la umeme, zinapita wapi. Marekani, kama waya una umeme na hujathibitisha nguvu yake, wanaanza na mita 6 kama mpaka wa kutoukaribia. Hapa nimeona mkono wa kreni unapita kwenye waya huku msimamizi anasema "leo hakuna kura (umeme), umekatika". Na ukirudi katikati ya kazi?

Na upepo! Mvua zetu zinatanguliwa na upepo wa ghafla, mnaujua ule unaobeba mabati ya watu kwenye mitaa yetu ya Katuba na Kenya. Kila kreni ina kikomo chake cha upepo kilichoandikwa na mtengenezaji, na kikomo hicho kinashuka kama mzigo una uso mpana. Tarehe 14 Julai 1999, kule Milwaukee, Marekani, kreni kubwa iliyoitwa Big Blue ilianguka ikinyanyua kipande cha paa la uwanja cha zaidi ya tani 400, watu watatu wakafa. Nguvu ya upepo kwenye ule uso wa paa haikuhesabiwa. Mashine ilikuwa kubwa kweli kweli, haikusaidia. Na New York, tarehe 15 Machi 2008, watu saba walikufa kreni ya mnara ilipoanguka. Wafungaji walikuwa wametumia mikanda minne mahali ambapo mtengenezaji alitaka minane, na mmojawapo ulikuwa umechakaa. Hiyo ndiyo kazi yangu mimi, ndiyo maana nikiona mkanda uliopauka kwa jua au wenye kovu la kukatwa ukingoni naukata vipande viwili hapo hapo usitumike tena. Nimeshakatwa mshahara kwa "kuharibu mali ya kampuni". Wakate.

Kitu kingine ambacho hakikuguswa kabisa: nani anasimamisha kazi. Mtoa ishara awe mmoja, opereta amfuate huyo tu, lakini ishara ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mfagiaji, na opereta lazima aitii. Hapa kwetu ukipaza sauti "simama!" unatukanwa kwanza, mzigo ukiwa bado unaenda. Msimamizi hafundishwi kumwambia patro (bosi) kwamba leo haiwezekani. Anafundishwa kusaini.

Najua mtakuja na habari ya gharama. Waajiri wa nchi hii ya Kongo kisheria wanachangia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, kwa ajili ya mafunzo ya wafanyakazi. Pesa inatoka kila mara, basi wadai kozi inayofanana na pesa hiyo. Na sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kamati ya usalama kazini. Hiyo kamati kwetu inakutana baada ya ajali, kupiga picha.

NYONGEZA, baada ya kusoma mlichoandika chini:

Mkubwa mmoja anasema opereta alipaswa kukataa mpaka mwisho. Ndiyo, angekataa. Una watoto wangapi, mkubwa? Kodi ya nyumba unalipa mwenyewe? Kumwekea opereta mzigo wa kuwa ukuta wa mwisho, wakati aliye juu yake hajui mita 16 maana yake nini, ni kutafuta mtu wa kulaumu mapema. Opereta anapaswa kuikuta hesabu imeshafanywa, aihakiki, na kama zake na za msimamizi hazilingani mashine isiwake.

Mwingine anasema kreni inakodiwa kwa saa, hakuna muda wa makaratasi. Baba, mpango unafanywa kabla kreni haijafika! Jana yake, kwa utepe, kalamu na karatasi moja. Ile jenereta ingehitaji kuondolewa mazuti na kreni isogezwe karibu na ukuta, au iletwe kubwa zaidi. Nusu siku ya kazi. Sasa wana jenereta iliyopasuka, kreni ya watu yenye mkono uliopinda, na kijana yuko nyumbani kwao Ruashi ana vyuma mguuni, na hakuna aliyekwenda kumsalimia zaidi ya sisi wafunga mizigo.

Yaya mmoja, yaani ndugu mkubwa, ameuliza swali la maana: anaanzaje kama kampuni haimpeleki popote? Omba kitabu cha kreni yenu, kila mashine ina chake, na uliza opereta wako mzee akufundishe jedwali wakati mashine imesimama. Chukua kazi mliyofanya wiki iliyopita, ipige hesabu upya. Utashangaa mara ngapi mlipona kwa bahati.

Na sasa naomba hivi: kama kuna mtu hapa Lubumbashi, au hata Likasi, anayefahamu kozi ya wasimamizi ambayo mwalimu anatoka nje na watu, mzigo halisi, kreni halisi, kwa Kiswahili au Kifaransa, na mtu akishindwa anaambiwa ameshindwa, aweke hapa bei na muda wake. Nitaipeleka mwenyewe mezani kwa patro. Na ninyi wauza vikadi vya nusu siku ambao mmeshaanza kuniandikia inboksi na punguzo la watu kumi, acheni. Nijibuni kwanza swali la nyuzi 30.